Ukurasa wa Zuleide

"Futa! Futa ukurasa wote! Nani kakutuma kuniandika?"

Zuleide alifoka bila kuacha kazi. Alikuwa amekaa chini, mpini wa shoka ameubana kwa paja, makali yanatazama juu. Aliweka kokwa ya mchikichi wa babasu kwenye makali, akaipiga kwa rungu. Ikapasuka.

"Lakini nimekusifu, dada," alisema Dalvina. "Nimeandika ulipelekwa mjini São Luís kusoma, ukarudi na gauni la njano. Sote tulikuonea wivu."

"Kusoma! Nilisomea masufuria!"

Wanawake wa kikundi wakacheka. Zuleide hakucheka.

Kitabu chao cha kwanza, maisha ya wanawake weusi kumi na mmoja walioyaandika wenyewe, kilikuwa kinakwenda kuchapwa mchana ule. Dalvina akapiga hesabu. Akifuta, hadithi yake haimo. Asipofuta, dada yake hatamsemesha mpaka Krismasi.

Mwalimu Benvinda, kiongozi wa kikundi, aliweka chini gundi ya majalada.

"Dalvina, ulimsomea dada yako?"

"Nilitaka kumfurahisha ghafla."

"Basi umemuona alivyofurahi. Mtu akiwa ndani ya hadithi yako, msomee kabla haijachapwa. Ana haki ya kukataa. Ana haki ya kusema mambo yalivyokuwa. Uliyoyaona ni yako. Yaliyompata ni yake."

"Kwa hiyo nifute?"

"Muulize yeye."

Dalvina akachuchumaa. "Dada, nilikuwa na miaka sita. Niliona gauni tu. Ilikuwaje?"

Rungu likatulia.

"Nilikuwa na miaka tisa. Wenye nyumba kule walisema mimi ni kama binti yao. Binti gani anakula jikoni, amesimama?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nisamehe, dada. Nafuta."

"Acha. Ndivyo ulivyoona. Lakini ukurasa wa pembeni yake ni wangu. Tatizo, mkono wangu mzito kwa kalamu."

"Wewe sema, mimi niandike, kisha nikusomee. Nikikosea, nikatize."

"Utakatizwa mpaka ukome!" alidakia mmoja wa wanawake. Hapo Zuleide akacheka.

Benvinda akampigia simu mchapaji: kurasa zimeongezeka, asubiri.

Zuleide akafuta mikono. "Andika. Sinki lilikuwa juu. Nilipanda kreti ili nioshe vyombo."

Dalvina akaandika, akasoma kwa sauti. "Sawa?"

"Siyo sawa. Kreti mbili. Rekebisha, tuendelee."