Pumzi ya Mahame

Asubuhi ile nilikuwa nakaanga chapati za maji, kama asubuhi zote za kiangazi kambini. Mimi nilikuwa mpishi wa watafiti waliokuja kupima msitu wetu, na mdogo wangu Erchim ndiye aliyewabebea vifaa. Walitaka kujua barafu iliyo ndani ya ardhi, chini ya miti, inayeyuka kwa kasi gani, na udongo wake unatoa hewa kiasi gani. Waliweka mabakuli makubwa ya plastiki kifudifudi juu ya ardhi, kila moja na mrija wake hadi kwenye mashine, na mashine ikachora mstari kwenye kioo. Udongo ukitoa hewa, mstari unapanda. Ni kazi ya kuchosha, haina maajabu.

Ng'ambo ya mto msitu ulikuwa unaungua. Moshi ulitanda, na jua, ambalo msimu ule halizami sawasawa, lilikuwa jekundu mchana kutwa.

Erchim akala chapati yake kwa siagi. Kisha akachukua nyingine, akaifunga kwenye leso.

"Hiyo ya pili ya nani?" nikamuuliza. "Umepata mchumba huko kwenye mbu?"

"Ya mwenyeji, dada. Nikiingia kwa mtu mikono mitupu si utaniita mshenzi?"

"Mwenyeji gani?"

"Wa yale mahame, kule kwenye uwanda. Naiweka mekoni kila asubuhi kabla sijagusa vifaa."

Mwiko ukabaki hewani mkononi mwangu.

Sisi Wasakha, watu wa nchi hii ya barafu, tunaulisha moto. Kabla ya kula, kabla ya safari, tunaupa kipande na siagi kidogo. Mimi ni Mkristo, navaa msalaba, na marehemu mama yangu aliulisha moto huku akifanya ishara ya msalaba. Lakini huo ni moto ulio hai. Mahame ni habari nyingine. Watu wa nyumba ile waliisha wote kwa ndui, zamani za mabibi zetu, na moto wao ukafa bila mtu wa kuuaga. Mahali kama hapo unapita kimya. Huachi hata punje. Moto uliosahauliwa na wenyewe haujui tena kushiba, na ukishaulisha, umekuwa wako.

Erchim alilelewa bweni mjini. Alijifunza kwamba desturi yetu ni kutoa. Kwamba kuna mahali pa kutotoa, hakuna aliyemfundisha.

"Usipeleke tena," nikamwambia.

"Dada, chapati tu."

"Usipeleke, Erchim."

Akacheka, akaila yeye mwenyewe kwa matonge mawili. "Haya. Leo mwenyeji atafunga."

Jioni alirudi anakohoa.

Kesho yake nilimpelekea chai Daktari Künney hemani. Huyu alikuwa mkuu wa watafiti, binti wa kwetu aliyesomea mjini, mwenye adabu. Alikuwa ameinama mbele ya kioo.

"Mama Ogdo, hebu tazama. Hili ni bakuli la kule mekoni, kwenye mahame. Nadhani mrija umetoboka."

Mstari wa mabakuli mengine ulipanda kama mwinuko. Huu ulipanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka.

"Ardhi inakoroma," akasema Erchim nyuma yetu. Alitaka kucheka. Kikohozi kikamzuia.

Ndipo nikaona. Erchim akitoa pumzi, mstari unapanda. Akivuta, unashuka. Nilitazama kwa muda mrefu, nikitumaini utapishana naye. Haukupishana.

Daktari naye aliona. Akanong'ona, "Erchim, zuia pumzi kidogo."

Akazuia. Mstari ukasimama.

Tukangoja. Nikasikia mbu. Nikasikia moyo wangu.

Mstari ulianza kwanza. Yeye akafuata.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" akauliza.

Daktari alikwenda mwenyewe kuling'oa lile bakuli. Aliporudi mikono yake ilikuwa na udongo. Alisema ndani ya plastiki kulikuwa na ukungu, sehemu moja tu, kama mahali mtoto alipopumulia dirisha.

Kuling'oa hakukumsaidia Erchim. Alilala hemani kwangu, pumzi yake fupi. Helikopta haikuweza kuruka kwa sababu ya moshi. Mashua ingefika asubuhi. Nilitaka jambo moja tu: nimtoe pale akiwa hai.

Akaomba chakula. Nikampa. Akaomba tena. Alimaliza mkate, akamaliza samaki, akalamba siagi koponi. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, naye bado ananyoosha mkono.

"Dada."

"Naam, mdogo wangu."

"Ipeleke moja tu. Mekoni. Nipate kupumua."

Sauti ilikuwa yake. Ombi halikuwa lake. Nilijua nikipeleka atapumua, na hatatoka pale maisha yake yote, wala mimi. Nikashika msalaba. Nikasema sala ya Bwana, tangu mwanzo hadi mwisho, nikairudia. Sikupeleka.

Asubuhi tulimpakia kwenye mashua. Alifika hospitalini akiwa hai. Akafa siku ya tatu, akivuta hewa ambayo haikuwa inaingia. Mganga wa hospitali alisema ni moshi. Nikasema sawa.

Tulimzika kijijini, karibu na kanisa, kando ya mama. Sikulia. Watu walidhani nina imani kubwa.

Vuli ilipokwisha Daktari Künney alinipigia simu. Alikuwa amerudisha bakuli lake mekoni.

"Mama, pale pametulia," akasema. "Mstari umelala kabisa. Kama vile hapajawahi kuwa na kitu."

"Mungu ashukuriwe," nikasema. Kisha nikakaa na simu mkononi, nikifikiri. Kitu kisichoshiba hakitulii. Kinahama.

Kumbukumbu ya miezi sita ya Erchim ilituangukia kwenye baridi kali, mate yanaganda kabla hayajafika chini. Padri alisoma. Mimi nilikuwa natazama theluji juu ya kaburi. Katikati palikuwa na tundu dogo, la kuingia kidole, na mdomo wake umeota barafu laini kama manyoya, kama tundu la kupumulia juu ya pango la dubu aliyelala.

Nilipiga magoti kama ninayesali. Nikaliziba kwa theluji, nikaishindilia kwa ngumi.

Padri alipofika kwenye "pumziko la milele," theluji yangu ilisukumwa juu kutoka ndani, ikaanguka pembeni.

Nikavua glavu, nikaweka kiganja. Uvuguvugu ulitoka. Ukasita. Ukaingia.

Padri akaniuliza kama sihisi baridi. Nikamwambia sihisi baridi. Na kweli sikuhisi: kiganja changu kilikuwa na joto.