Mseri Uliokatwa Nusu

Cheni mpya haina vumbi la mbao. Hilo hata mtoto analijua. Imetoka dukani Moshi imefungwa kwenye karatasi yake, meno yake hayajaonja mti wowote, sasa vumbi ilitoe wapi?

Lakini asubuhi ile Elinipendo alipofungua kifuniko cha pembeni cha chensoo yao, ule msumeno wa injini, akitaka kukaza nati vizuri, alikuta vumbi. Bichi, limelowana na kushikana na oili. Jana yake jioni ndiye aliyeifunga cheni ile kwa mikono yake mwenyewe: akauweka upanga mpya, ule ubapa unaobeba cheni, mahali pake, akapitisha cheni juu yake, meno ya juu yakitazama mbele, akaivuta kwa vidole viwili mpaka ikanyanyuka kidogo na kurudi. Hakuiwasha. Tangi lilikuwa kavu. Akalinusa lile vumbi, harufu kali ya baridi ikampanda puani mpaka macho yakatoa machozi.

"Baba Kindness," akaita, "umeigusa chensoo?"

"Niiguse ya nini?" Eliufoo, mumewe, akajibu toka kitandani. "Nimechoka mimi."

Nimechoka. Hilo ndilo lilikuwa neno la nyumba ile siku zile zote. Saa tatu ya asubuhi, jua limeshapanda, mwanaume mzima wa miaka arobaini yuko kitandani anasema amechoka, na kazi hajaifanya tangu wiki iliyopita.

Kwao ni Marangu ya juu kabisa, pale migomba inapoishia na msitu unapoanza. Kahawa ilikuwa imeshuka bei mpaka watu wanang'oa mibuni waliyoachiwa na babu zao, na kila aliyeweza alitafuta chensoo. Zilikuwa zinaingia kwa wingi miaka ile, mitumba ya Ulaya, nyingine zikipitia mpakani Holili. Watu waliziwasha tu kama redio. Elinipendo hakuwa hivyo. Kaka yake alikuwa fundi pikipiki Njoro, akamfundisha. Yeye ndiye aliyechanganya petroli na oili, maana petroli tupu inaua injini. Yeye ndiye aliyenoa meno kwa tupa, jino moja moja, akasafisha plagi, akakataza mafuta yasiongezwe mashine ikiwa ya moto. Kazi ya Eliufoo ilikuwa kuvuta kamba na kujisifu.

Upanga wa zamani na cheni yake vilipotea. Eliufoo alisema vimetumbukia korongoni. Mkewe hakuuliza zaidi, alikuwa na ng'ombe wa kukatia majani na mama mkwe wa kuogesha. Akanunua vingine.

Basi siku hiyohiyo ya vumbi, saa saba mchana, ukungu ukateremka kutoka mlimani ukafunika migomba. Elinipendo alikuwa anapepeta maharage uani. Akasikia chensoo juu msituni. Mwanzoni hakushtuka, huku kwetu sauti hiyo ilikuwa ya kawaida siku hizo. Kisha ikakohoa. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza kidogo, ndipo ikachanganya. Ungo ukamponyoka. Kikohozi kile alikijua, kilikuwa cha kabureta ya chensoo yao, alikuwa amehangaika nacho miezi na miezi.

Akaenda stoo akitembea polepole kama anayeogopa kuamsha mtoto, akasukuma mlango, akaiona chensoo inaning'inia kwenye msumari wake palepale alipoiacha, tangi tupu, plagi yake, aliyoichomoa asubuhi baada ya kuona vumbi, imo kwenye fundo la kanga kiunoni kwake, na huku nje ile sauti inaendelea kutafuna mti huko juu, inapanda na kushuka, akanyoosha mkono akagusa salensa kwa ncha ya kidole, akaurudisha mkono haraka maana ilikuwa ya moto.

Alipotoka mbio alimkuta mumewe barazani, bakuli la mtori magotini, haoni wala hasikii. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, mikono yote miwili ameikunja mbele kama aliyeshika mashine. Sauti ilipokatika huko juu, naye akatulia, kichwa kikaanguka kifuani. Kwenye nywele zake kulikuwa na vumbi la mbao.

Bibi Aikande, mama yake Eliufoo, akauliza kutoka ndani, "Nani amekufa humu?"

"Hakuna aliyekufa, mama," Elinipendo akajibu.

"Mbona nyumba inanuka karafuu maiti? Ile wanayowapaka wafu kule Kahe. Usinifiche, mwanangu."

"Hakuna, mama. Lala tu."

Ikawa kila siku. Saa saba, ukungu, kikohozi, mabega. Maziwa yakaanza kunuka ile harufu, ng'ombe mwenyewe akawa hataki kugeuka upande wa msitu. Mchungaji alikuja akaomba kwa nguvu zote, Mungu ambariki, akanywa chai, akaondoka, na kesho yake saa saba chensoo ikakohoa. Elinipendo akakonda. Usingizi wake ukawa wa kuibia, mchana akachapa kazi za watu wawili. Alikuwa anamwonea mumewe hasira na huruma kwa pamoja, na vyote viwili vilimchosha.

Jumamosi alikuwa anamwogesha, maana sasa hata kujimwagia maji hakuweza, ndipo akaiona alama. Ilikuwa mgongoni, juu kidogo ya kiuno, nyembamba, nyekundu, imenyooka, inazunguka kuja ubavuni. Haikutoa damu. Akaipitishia kidole, kidole kikatoka na vumbi.

"Eliufoo," akanong'ona. Jina lake hakuwa analitaja hivyo tangu wamezaa. "Umefanya nini huko juu?"

Eliufoo akaanza kulia. Akasema kwa sauti ya chini, akitazama mlango, kwamba hakuna korongo wala nini. Alipanda msituni peke yake akakuta mseri mkubwa, watu wanne hawaukumbatii, na mbao za mseri zinagombaniwa mjini kwa ile harufu yake ya karafuu maiti inayofukuza wadudu. Akaukata mbele, akazunguka nyuma. Kabari hakuwa nayo.

"Nilikuwekea kabari tatu kwenye mfuko!"

"Niliona zinanichelewesha. Mti ukarudi nyuma, ukaubana upanga. Halafu nikasikia filimbi ya walinzi wa msitu. Nikafungua nati, nikachomoa injini, nikakimbia."

"Ukauacha umesimama? Umekatwa nusu?"

"Nilipokuwa nakimbia ulipumua, Mama Kindness. Nakuapia. Ulipumua kama mtu."

Walimleta mganga kutoka Kahe. Alifukiza ubani, akamwangalia Eliufoo ile alama, akarudi nyuma hatua kadhaa. "Jini la mti huo," akasema. "Mzee kweli kweli. Kazi aliyoianza huyu haijaisha, ndiyo maana anaifanya kila siku. Pandeni mkaimalize. Mti ukilala, naye atapumzika." Wakamwomba aende nao. Akasema miguu inamuuma. Hawa watu bwana, miguu huwauma kila palipo na kazi.

Elinipendo akaiandaa chensoo siku nzima, kwa makini, kama anayemwandaa bibi harusi. Alfajiri Bibi Aikande akamwita kitandani kwake, akamtia mkononi jani refu la isale alilolifunga fundo. Huku kwetu ukipelekewa isale umeombwa msamaha, na ukiombwa hivyo huwezi kukataa, hata kama umeuliwa mtoto.

"Sijui kama na wao majini wanafuata hili," bibi akasema. "Lakini walikuwa hapa kabla yetu. Weka kifuani."

Kupanda kulichukua asubuhi yote, kwa kuwa Eliufoo alipumzika kila penye jiwe. Waliusikia mseri kabla ya kuuona: ulikuwa unalia, mlio mwembamba wa mbao inayojivuta, ingawa upepo haukuwepo. Ulikuwa umeinama. Upanga wa zamani ulikuwa bado umo kwenye jeraha, umeota kutu, na kuzunguka shina hakukuwa na jani bichi hata moja. Ndege hawakuwepo. Harufu ile ilijaa mdomoni.

Akamketisha mumewe mbali, upande wa juu. Akafyeka njia mbili za kukimbilia, za kinyumenyume na upande ambao mti ungeangukia. Akaiweka chensoo chini, akasukuma breki ya cheni mbele, akakanyaga mpini wa nyuma kwa kiatu, akashika wa mbele, akavuta choki, akavuta kamba. Ikakohoa. Mara mbili. Ikachanganya. Alikuwa anajua anachokifanya: cheni ikikaribia kuumaliza mti, injini hupata wepesi, inapanda sauti ghafla, hapo ndipo unachomoa na kukimbia.

Akaachia breki. Akauegesha upanga juu kidogo ya ule wa kutu, akaruhusu meno yaguse tu, yaguse gome, na nyuma yake Eliufoo akapiga yowe ambalo hajawahi kulisikia hata leba, hata kwa ng'ombe anayechinjwa, akageuka akamwona mumewe amejikunja, ameshika ubavu kwa mikono miwili, na katikati ya vidole vyake, polepole, shati linageuka jekundu, na kwenye meno ya cheni, badala ya vumbi kavu, kulikuwa na ute mwekundu unaodondoka, akaigonga swichi kwa kiganja, msitu ukanyamaza kimya.

Midomo ya Eliufoo ikasogea. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu mzee, aliyechoka kuliko wote.

"Kumbe mnakuja kunimaliza."

Elinipendo akapiga magoti. Hakukumbuka sala hata moja. Akatoa isale kifuani, likiwa limelowa jasho, akaliweka juu ya mzizi. "Tusamehe," akasema. "Hatukujua. Na mimi nimechoka, mwenzangu. Nimechoka sana."

Ukungu ukaanza kuingia kati ya miti.

"Umeleta isale," ile sauti ikasema. "Nimesamehe. Lakini nimekatwa. Kusamehewa hakurudishi mbao. Saa ile aliyonikata niliikumbuka kila siku, na nilipokumbuka mimi, aliumia yeye. Sasa sitaikumbuka. Ila mimi na yeye tumeshaingiliana. Nikisimama, atasimama."

Elinipendo hakuuliza upande wa pili wa maneno hayo. Alichukua kabari zake tatu akazigongea kwenye jeraha moja baada ya nyingine, mpaka mti ukaacha kulia. Akaufunga kwa waya kwenye mti wa jirani. Kila kabari ilipoingia, Eliufoo alipata pumzi.

Harufu ikaisha. Maziwa yakawa maziwa. Saa saba ukungu ukashuka bila sauti yoyote, na Eliufoo akarudi shambani, polepole, hanyanyui kizito, alama yake imebaki kovu. Walicheka tena, jamani, ingawa si sana. Elinipendo alikuwa kila baada ya upepo mkubwa anapanda kukagua kabari.

Chensoo hakutaka kuiona. Jirani yao Rogath alikuwa ameimezea mate siku nyingi, Elinipendo akamwuzia bila hata kubishana bei. "Ni ya kukatia migrivea, miti ya nyumbani tu," akamwambia. "Usipande nayo msituni. Nakuomba, Rogath. Kule juu kuna kitu."

"Mama Kindness, mimi nani nipande msituni?" Rogath akasema, akicheka, akiigeuzageuza mkononi. "Na mafundisho yako yote nitayafuata."

Akayafuata kweli. Miezi mingi.

Siku moja ya Agosti walikuwa wanakula mezani, mume na mke. Saa saba. Ukungu umeshuka. Juu msituni kitu kikakohoa, mara mbili, kikachanganya.

Elinipendo akashika meza. Limerudi, akawaza, limesahau ahadi yake, Ee Mungu, limerudi. Akanusa hewa. Akanusa maziwa kwenye kikombe. Akanusa nywele za mumewe. Hakukuwa na harufu yoyote ya karafuu maiti, hakukuwa na vumbi, kulikuwa na maharage tu na moshi wa jikoni, ndipo akaelewa, na akatamani kwa roho yake yote kwamba lingekuwa jini.

"Rogath!" akapiga kelele. Alikuwa ameshafika nje, bila viatu, anakimbilia njia ya msituni. "Rogath, zima! Zima!"

"Mama Kindness," Eliufoo akaita nyuma yake. Sauti yake ilikuwa ya upole. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono ubavuni. "Rudi tukae. Ni mwendo wa asubuhi nzima. Hutafika."

Akaendelea kukimbia mpaka kwenye mgomba wa mwisho. Hapo akasikia injini ikipata wepesi, sauti ikipanda ghafla. Akageuka, akarudi mbio nyumbani ili angalau amdake mumewe kabla hajaanguka.