Hema la Buluu Kwenye Ukungu

Kila masika, jua likichomoza kidogo kati ya mvua na mvua, Bertilla alianika uyoga juu ya viroba nyuma ya nyumba yake, pale Milanzi. Mumewe Kornel alikuwa mfuga nyuki. Kiangazi, yeye na wenzake wa kikundi walilala kambini karibu na msitu, kwa kibali. Mvua zikianza, kambi ilifungwa na kila mtu alirudi shambani kwake.

"Safari hii twende sisi wenyewe," Kornel alisema. "Uyoga umejaa kule juu penye msitu, na hema ninalo."

"Tutalala wapi? Kambi si imefungwa?"

"Mama Hellena, nchi yote ile ni nyasi tupu! Masika nani atakuja kukagua? Maafisa wenyewe wanaogopa tope."

Bertilla alitaka kusema, tupite kwanza kijijini tusalimie. Lakini alikuwa mtu wa haya. Wageni wakimtazama, ulimi humkauka. Akamfunga mtoto wao Hellena mgongoni.

Walifika jioni, ukungu ukishuka. Kornel alichagua mahali tambarare, kando ya tanuri la kale. Wazee wa zamani walilijenga kwa udongo ili kuyeyushia chuma. Lilikuwa refu kuliko mtu, na chini lilikuwa na matundu meusi.

"Hapa pakavu," alisema. "Na tanuri litatukinga upepo."

Walipokuwa wakikaza kamba, tanuri likaguna. Liliguna taratibu, kama mtu aliyelala.

"Baba Hellena, umesikia?"

"Ni upepo unapita kwenye matundu."

Bertilla akatazama nyasi. Hakuna hata jani lililotikisika.

Waliingia ndani, wakawasha taa ya sola. Hema likawaka lote rangi ya buluu. Nje hapakuonekana kitu, ila weupe wa ukungu. Vyura walikuwa wakipiga kelele. Ghafla wote wakanyamaza.

Hatua zikasikika kwenye nyasi. Zikasimama. Zikasikika tena, upande wa pili.

Bertilla alisubiri salamu. Kwao Ufipa, mtu hampiti mwenzake kimya kimya. Lakini hakuna aliyesalimu. Kivuli kikapita juu ya kitambaa cha hema, kirefu, kikiwa na mkono mrefu mno.

"Ni mtu?" alinong'ona.

Kornel akapekua mzigo, akitafuta panga lake.

Jiwe likagonga hema. Mtoto akaamka, akalia.

"Sikieni, linalia kama mtoto!" sauti ya mwanamume ilisema gizani. "Moto wa buluu, tena penye tanuri! Mtu wa kawaida hawezi kulala hapa. Leteni kiberiti!"

Hapo Bertilla akaelewa. Watu wale waliwadhania wachawi. Waliogopa kuliko yeye, na mwenye hofu huchoma kwanza, huuliza baadaye. Kornel akashika panga.

"Weka chini," Bertilla alisema. "Ukitoka nalo, tumekwisha. Na mtoto naye."

Alichukua taa. Akafungua hema, akatoka na mtoto kifuani. Akainua taa mpaka usoni pake, wamwone vizuri.

"Shikamooni!" alisema kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo. "Mimi ni Bertilla wa Milanzi, binti wa Zenon fundi baiskeli. Huyu ni mwanangu Hellena. Yule ni mume wangu. Tumekuja kuchuma uyoga."

Kisha mwanamke akajibu kutoka kwenye ukungu.

"Marahaba, mwanangu."

Watu wakajitokeza mmoja mmoja, fimbo mikononi.

"Mchawi naye anaamkia?" aliuliza mwenye jiwe.

"Nyamaza, Maganga. Tupa hilo jiwe." Mama yule akasogea. "Mimi ni Rozina, mwenyekiti wa kitongoji hiki. Nani aliwaruhusu kulala hapa?"

Kornel alitoka akiinamisha kichwa. "Hakuna, mama. Nilidhani masika pako wazi tu."

"Ardhi haiendi likizo, baba. Tanuri hili ni mali ya kale, linalindwa na sheria. Msitu ule ni hifadhi, lazima kibali cha ofisi ya misitu, mvua au jua. Kando ya mto nako usiweke hema. Sheria inataka mita sitini zibaki wazi, na maji yakijaa hayakuulizi jina."

"Sasa mtu alale wapi?"

"Aulize! Kila kijiji kina mtendaji na mwenyekiti. Uje mchana, useme wewe ni nani na unakaa siku ngapi. Utaonyeshwa mahali. Pengine ni uwanja wa parokia, padri akikubali, au ua wa mtu. Na kijiji kizima kitajua hema ni la nani." Akawageukia wenzake. "Na nyinyi, mkimshuku mtu, niiteni mimi au polisi. Jiwe halina masikio."

Usiku ule walilala uani kwa mama Rozina.

Wiki mbili baadaye walirudi. Safari hii Bertilla ndiye aliyempigia simu mama Rozina kabla ya kuondoka. Walifika mchana, wakapita kwa mtendaji, wakapewa sehemu kwenye uwanja wa parokia.

Jioni ukungu ukashuka vilevile. Taa ikawashwa, hema likawaka buluu. Vyura wakanyamaza. Hatua zikaja kwenye nyasi, zikasimama mlangoni. Bertilla akambana mtoto.

"Hodi humo ndani!"

Ilikuwa sauti ya Maganga.

"Karibu," Bertilla akajibu.

"Mke wangu ameivisha maharage, nyumbani hakuna hata chembe ya chumvi. Mnayo?"

Bertilla akafungua hema, akampimia chumvi kwenye kiganja.