Jumamosi ya Mapipa

Mgeni aliingia uani Jumamosi alasiri, bila kutarajiwa. Alivaa mabuti, na mkononi alishika chupa ya maji ya buluu iliyokolea. Aliuliza kama hapo ndipo kwa Mama Rangi.

Ndipo hapo. Mama Rangi na binti yake walikuwa wanajiandaa kumwaga mapipa. Wiki nzima walitia vitambaa rangi, na kila Jumamosi walimwaga mapipa yote manne kwa mkupuo kwenye chemba ya uani, iliyoungana na bomba la maji taka la jiji. Desturi hiyo aliianza marehemu mumewe. Alikuwa akisukuma pipa kwa bega huku akiimba. Tangu afariki, Mama Rangi hakukosa Jumamosi hata moja. Mapipa yakilia, alihisi kama bado anamsikia.

Mgeni alijitambulisha kuwa mkaguzi wa maji taka. Maji ya chupani aliyateka Jumamosi iliyopita, kwenye chemba ya barabarani.

"Mwanangu, maji yakishaingia bombani si yamekwisha?" aliuliza Mama Rangi.

"Hayajaisha, mama. Yamehama tu."

Mkaguzi aliketi juu ya ndoo, akaeleza taratibu. Bomba linakwenda kwenye mabwawa ya kusafishia. Humo mna vijidudu vinavyokula uchafu. Magadi makali ya kushikisha rangi yakifika mengi kwa pamoja, vijidudu hufa, na uchafu huishia mtoni. Ndiyo maana biashara kama hii lazima iwe na kibali, na maji yake yapimwe. Kisha akaongeza jambo moja: Jumamosi hiyo iliyopita, maji hayo yalipopita, fundi mmoja wa mabomba alikuwa ndani ya chemba ya barabarani. Ameungua mikono.

"Mume wangu hakujua," alisema Mama Rangi.

"Na wewe hukujua, mama. Sasa unajua. Nakupa mwezi mmoja. Mwezi ukipita hivi hivi, nitalazimika kufunga."

Aliwafundisha kukusanya maji kwenye tangi, kuacha mashapo yatulie chini, kupunguza ukali kwa siki, kisha kuchovya karatasi ya kupimia. Ikiwa buluu, maji bado ni makali. Ikiwa kijani, yatolewe polepole.

"Karatasi isipokuwa kijani, sitoi hata kikombe," aliahidi Mama Rangi.

Binti yake alicheka. "Wewe, mama? Hata chai huwezi kuisubiri ipoe."

Mama Rangi alikwenda kumwomba radhi yule fundi. Mwezi ulipokwisha, kibali kilitundikwa ukutani, kando ya picha ya marehemu. Na fundi alirudi kazini, mikono imepona.

Jumamosi moja mteja alifuata sare za kwaya. Fungu la mwisho lilikuwa halijatiwa rangi, kwa sababu mapipa na tangi vilikuwa vimejaa. Binti alichovya karatasi. Buluu. Siki ilikuwa imekwisha na duka limefungwa.

"Mwaga tu, mama. Nani atakuona?" alisema mteja.

Mama Rangi alitazama chemba.

"Huenda yule fundi yuko chini."

Mteja alikusanya vitambaa vilivyobaki, akavipeleka kwa mtia rangi mwingine. Kazi za kwaya hazikurudi tena.

Jumatatu duka lilifunguliwa, wakatia siki, na karatasi ikatoka kijani. Mama Rangi alifungua koki kidogo, maji yakatoka membamba kama uzi. Wimbo wa marehemu ulikuwa mfupi, wa kusukumia mapipa manne tu. Asubuhi hiyo aliurudia tena na tena mpaka tangi likawa tupu.