Wapangaji wa Chumba cha Macho

Jumatatu asubuhi, ukumbi wa mapokezi wa hospitali ile kubwa haukuwa na mahali pa kutua hata fimbo. Wagonjwa walikuwa wamejipanga foleni tano, watoto walilia kwa kupokezana, na wauguzi walipita katikati yao kwa haraka ya watu wasiotaka kuulizwa neno. Katika umati huo akaingia binti mmoja mrefu, gauni lake la buluu lina matone ya rangi nyeupe kwenye pindo, viatu vyake vya turubai vimekwisha kusahau rangi yao ya asili. Mkono wa kulia ulibeba makopo mawili ya rangi. Wa kushoto ulishikilia mtandio aliouvuta hadi kufunika shavu. Hakuwa akisikia baridi. Tangu utotoni alizoea kusimama mbele za watu kiupandeupande, kama mlango ulioegeshwa, ili wauone upande wake wa kulia peke yake.

Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi katika duka la rangi za nyumba, na siku hiyo alitumwa kuleta sampuli za wodi ya watoto. Akajiunga na foleni iliyokuwa karibu.

"Dada mwenye rangi," ikasema sauti kutoka nyuma ya kaunta, "hapo umesimama kwenye foleni ya mifupa. Au hayo makopo yamevunjika mguu?"

Watu wakacheka. Msemaji alikuwa mpokea simu wa hospitali, kijana wa miaka thelathini hivi, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, vipokea sauti masikioni, vidole vikirukaruka juu ya vitufe. Wala hakugeuza uso kumtazama.

"Umejuaje nina rangi, nawe hunitazami?" binti akauliza kwa ukali. "Au kumtazama mtu anayesemeshwa si adabu ya hapa?"

"Harufu, dada. Tena makopo yanagongana, moja limejaa na jingine limepungua. Ama kutazama, niwie radhi. Macho yangu yalichukua likizo siku niliyozaliwa, na mpaka leo hayajaripoti kazini."

Aibu ikampanda binti kutoka shingoni. "Nisamehe, kaka. Sikujua."

"Usijilaumu, wengine humaliza wiki nzima. Ofisi ya ukarabati iko ghorofa ya pili. Lakini ukishuka, pita hapa uniambie wodi inapakwa rangi gani. Kila ninayemwuliza hunijibu 'nzuri', kana kwamba 'nzuri' nayo inauzwa kwa kopo."

Akapita. Na kesho yake, saa nne na nusu, simu ya dukani ikalia.

"Kinyonga, leo umechanganya nini?" Jina hilo mpokea simu alimpa kwa ajili ya kazi yake, na likamkaa.

"Njano ya mlango wa duka la dawa."

"Ikoje hiyo?"

Binti akafikiri kidogo. "Kama kijiko kikianguka sakafuni alfajiri, wenzako wangali wamelala."

"Lahaula! Imenishtua kweli. Na kijani?"

"Kijani kesho. Ukizila zote leo utavimbiwa."

Mwenye duka, mzee mwenye miwani puani, akagonga meza. "Binti, simu hiyo ni ya biashara!"

"Ni mteja, mzee."

"Mteja gani anunuaye rangi kwa masikio?"

Rangi zikaisha, wakaanza kuzungumza mengine. Mwezi wa sita tangu wajuane, wakiwa wamekaa kwenye benchi nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, mahali penye harufu ya mvuke na sabuni, binti aliufungua mtandio wake akaushika mkono wa kijana na kuupeleka shavuni pake pa kushoto. Vidole vikatembea polepole.

"Hapa pana nini?"

"Maji ya moto. Nilikuwa na miaka minne, nikavuta sufuria." Akangoja mkono uondoke, kama macho ya watu yalivyoondoka siku zote. Mkono haukuondoka.

"Nyuso nyingine nilizozigusa," kijana akasema, "zote zilikuwa njia tu. Hapa ndipo ninapojua nimefika."

"Nyingine zipi?"

"Ya mama. Na ya kinyozi wangu, kwa bahati mbaya."

Binti akacheka hadi akalia. Jioni ile ile kijana alimposa, naye akaitika.

Baadaye akaja daktari mpya wa macho. Akammulika kijana kwa kijitochi chake, akasema kwamba kilichomziba tangu kuzaliwa kilikuwa mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na kwamba kingali kinaweza kuondolewa. Hospitali nzima ikashangilia. Mmoja tu alishangilia kwa midomo, na moyo wake ukakataa. Mwanamume wa pekee ambaye binti aliwahi kumfunulia uso sasa angeuona.

Shangazi yake, aliyemlea, hakumfichia. "Mapenzi ya gizani, mwanangu, jua likitoka hutafuta kofia."

"Shangazi, ananipenda."

"Anapenda sauti. Ngoja apewe macho ndipo utujie na hadithi hiyo."

Siku ya kufunguliwa bandeji, baada ya upasuaji, binti alivaa gauni la waridi, akasimama mlangoni mwa wodi, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu akaushusha mtandio mabegani. Kijana akageuka. Akamtazama. Uso wake ukakunjamana kama wa mtu aliyeonja shubiri.

"Ni mimi," binti akasema kwa sauti ndogo.

Aliposikia sauti hiyo, kijana akafumba macho kwa nguvu, akanyoosha mikono hewani. Lakini binti hakuiona mikono. Aliyaona macho yaliyofumbwa, basi.

Siku ya tatu walikutana kwenye ujia uliokuwa umetoka kupigwa deki, dawa ya sakafu ikinuka kuliko kila kitu. Kijana alimtazama usoni waziwazi, akampita kama apitavyo mtu kando ya nguzo. Binti hakusema neno. Alirudi nyumbani na mtandio wake hadi puani.

Simu zikaanza. Mwenye duka akajibu "Hayupo" hadi akachoka kusema uongo, akamkabidhi binti mkono wa simu.

"Kinyonga wangu, mbona umenitupa?"

"Kwanza niambie kweli. Ukinitazama, unasikiaje?"

Kijana hakuwahi kujifunza kudanganya. "Kichwa kinaniuma," akasema. "Moyo unakwenda mbio, natamani kutapika. Lakini njoo tu, mpenzi, maana daktari anasema..."

Binti hakusikia aliyosema daktari. Alikuwa amekwisha kuirudisha simu mahali pake, taratibu sana, kama mtu anayefunika sufuria.

Wiki tatu zikapita. Ndipo ulipoletwa dukani mzigo wa vipande vya mbao: mviringo, pembetatu na mraba, vipakwe rangi kali kwa ajili ya chumba cha mazoezi cha hospitali. Aliyeagiza alikuwa daktari wa ubongo.

"Atapeleka mwingine," binti akasema.

"Mwingine yupi?" mwenye duka akajibu. "Mimi na goti hili? Chukua mzigo, binti. Kazi haina uchumba."

Mlango wa chumba kile ulikuwa na kioo. Binti akasimama nje na sanduku lake, akachungulia. Kijana alikuwa ameketi mezani, mbele yake pana kikombe cheupe. Alikitazama kikombe, na uso wake ukakunjamana kwa shubiri ile ile. Aliinamisha kichwa huku na huku. Jasho likamtoka.

"Ni nini hicho?" akauliza daktari, mama wa makamo mwenye nywele fupi zilizoota mvi.

"Sijui. Cheupe. Kina tundu, au ni doa."

"Kishike."

Kijana akafumba macho kwa nguvu, akanyoosha mikono. Mara vidole vilipogusa, uso wote ukalegea. "Kikombe!" akasema kwa furaha. Kisha furaha ikamtoka. "Daktari, nifunge bandeji, nakuomba. Nilipokuwa kipofu nilikuwa na mchumba."

Sanduku likamponyoka binti mkononi. Daktari akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, akautazama mtandio, akayatazama matone ya rangi.

"Wewe ndiwe Kinyonga."

"Daktari, ana nini? Amekikunjia uso kikombe!"

"Na mlango, na kiatu chake mwenyewe. Sikiliza, binti. Jicho halioni, jicho hupeleka habari tu. Anayeona ni ubongo, na ubongo huona kile ulichojifunza kukiona. Wewe ulijifunza ukiwa mchanga, ndiyo maana unadhani hukufundishwa." Akajigusa kisogo. "Chumba cha macho kiko huku nyuma. Chake hakikuletewa mzigo kwa miaka thelathini. Nao ubongo hauachi chumba kitupu, ulikipangisha kwa masikio na vidole. Sasa mwenye chumba amerudi, na wapangaji wangali na vyombo ndani. Ugomvi huo ndio unaomtapisha."

"Basi si... si kwa ajili ya hili?" Akashusha mtandio nusu.

"Hajui pua ni ipi na sikio ni lipi, atajuaje kovu? Kwake nyuso zote ni kitu kimoja kinachotikisika." Daktari akapunguza sauti. "Ila wewe nami nikuulize. Ubongo hauna subira, habari zikichelewa hukisia, na hukisia yale uliyoyazoea. Umezoea kuona nini katika nyuso za watu?"

Mkono wa binti ulikuwa umekwisha kupanda kwenye mtandio wenyewe, bila kutumwa.

"Basi. Yeye hajui kuusoma uso hata mmoja, nawe unasoma neno lile lile katika nyuso zote. Sijui nani kati yenu anahitaji mazoezi zaidi. Lakini akijifunga bandeji sasa, njia ile pengine haitafunguka tena. Hilo nalijua."

Binti akaingia. Akavuta kiti hadi dirishani penye mwanga mwingi, akauvua mtandio wote, akaukunja magotini.

"Usifumbe," akasema.

"Kinyonga?" Kope zake zilikuwa zinashuka zenyewe.

"Usifumbe, nimesema. Nitazame. Unaona nini?"

Kijana akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Kitu cha kahawia. Kinatikisika. Juu kuna weusi. Katikati viko viwili vinang'aa, vinatoa maji."

"Ni macho yangu, mjinga wewe. Nalia."

"Ndiyo hayo?" Akaangalia kwa mshangao mkubwa. "Nilidhani macho yako pembeni zaidi."

Wakacheka wote wawili, kicheko chenye makamasi. Kisha binti akauliza lile lililomla wiki tatu. "Siku ile mlangoni, mbona uliposikia sauti yangu ulifumba?"

"Niliisikia sauti yako ikitoka ndani ya kitu nisichokijua. Nikaogopa kwamba hawajaniletea wewe." Akaachia ukingo wa meza. "Nikafumba ili nikuone."

Tangu siku hiyo, kila alasiri alipotoka dukani, binti alikwenda kuketi dirishani. Na asidhani msomaji kwamba ilikuwa kazi nyepesi. Mtu aliyejificha miaka ishirini na mitatu sasa aliketi saa nzima kutazamwa, kama kitabu cha mtoto wa darasa la kwanza.

"Midomo yako haitulii," kijana alilalamika. "Nikianza kuijua, imekwenda kwingine."

"Ndiyo maneno hayo, mpenzi."

"Basi nyamaza kidogo, niishike."

"Hata siku ya harusi utaniambia hivyo?"

Wiki ya tatu, kidole chake kilikuwa kwenye shavu la kushoto na macho yakafuata kidole. Akaondoa kidole, akakirudisha, akaondoa tena. "Kumbe ndivyo palivyo," akanong'ona.

Binti akauliza, "Vipi?"

"Pana rangi ya peke yake. Nimetazama nyuso zote za hospitali hii, sijaiona. Umeichanganya wewe?"

"Hiyo haiuzwi," binti akajibu.

Mwezi wa pili wa mazoezi daktari akapanga mtihani, wala hakumwambia mtahiniwa. Binti alioga kwa sabuni isiyo na manukato, akaacha nyumbani viatu vya turubai, akavaa gauni la kijani ambalo kijana hajapata kuliona. Mtandio ulibaki msumarini. Shangazi alipomwona anatoka hivyo alifumbua mdomo, akaufunga, kisha akamtengenezea ukosi.

Jumatatu ile ukumbi ulijaa kama kawaida. Binti akasimama katika foleni ya mifupa, kimya, uso wote wazi. Mama mmoja mbele yake aligeuka, akalitazama shavu. Binti akalisubiri lile neno la siku zote. Akamtazama mama yule vizuri, kama alivyotazamwa yeye dirishani, na hakulikuta. Alikuta uchovu, na mguu unaouma. Mama akasogeza mkoba wake ili ampe nafasi, akageuka mbele.

Nyuma ya kaunta mpokea simu aliinua kichwa. Macho yakaanza kupita juu ya watu, uso kwa uso, polepole, yakikwama na kurudi. Yakampita binti. Kisha yakarudi.

Kijana akavua vipokea sauti. Akatoka nyuma ya kaunta, akagonga benchi kwa goti, akaomba radhi kwa benchi, akaendelea, macho wazi kabisa. Akasimama mbele yake.

"Dada," akasema, akijaribu kuipa sauti yake ukali wa kazi, "hapo umesimama kwenye foleni ya mifupa."

Binti alikuwa amekatazwa kusema, akang'ata mdomo. Kidole kikapanda hadi shavuni. Safari hii kidole kilitanguliwa na macho.

"Nimefika," kijana akasema.

Kwenye kaunta simu ililia, ikalia tena. Mzee mmoja mwenye magongo, mwishoni mwa foleni, akakohoa.

"Wanangu, nyinyi mmekwisha kufika, Mungu awabariki. Basi foleni nayo isogee, nasi tufike."

Watu wakaangua kicheko. Binti akamshika mchumba wake mkono, wakapita katikati ya ukumbi kuelekea kaunta. Akawatazama wote, kushoto na kulia, kwa uso mzima.