Kifuko cha Dawa Chini ya Sanduku

Kila asubuhi, kabla ya kugusa ugali wa mahindi na jibini, Ilinca alijitoboa kidole, akapima sukari, kisha akajichoma insulini tumboni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kisukari kilimwanza angali mdogo. Kijijini kwao, karibu na mji wa Soroka, aliishi na Bibi Agafia, mzaa mama yake. Mama yake, Veronika, alikuwa Italia akiuguza wazee wa watu.

Asubuhi ya Pasaka mambo yalikwenda mbio. Bibi alirudi kutoka kanisani na kikapu kilichobarikiwa: mkate mtamu, mayai mekundu na jibini. Siku hiyo hiyo walikuwa wanapanda ndege kwenda kwa Mama, ambaye hakuwa ameonja Pasaka ya nyumbani kwa miaka.

"Kikapu hiki hakipakiwi na masanduku," Bibi alisema. "Chakula cha baraka kilaliwe na viatu vya watu? Sithubutu. Nitakipakata mwenyewe. Vitu vyangu nimevitia kwenye mkoba wako, kwa hiyo nguo zako zihamishie sandukuni. Dawa tu ibaki mkononi, unasikia?"

"Nasikia, Bibi."

Muuguzi wa zahanati naye alikuwa amemwonya kwamba insulini haiachani na mwenyewe, maana sanduku huweza kupotea, na baridi ya chini ya ndege huweza kuigandisha dawa ikaharibika. Lakini Ilinca alikuwa na lake moyoni. Shuleni walimwita "Sindano", na aliogopa kwamba wakaguzi wa uwanja wa ndege wangezitandaza sindano zake mbele ya abiria wote. Basi Bibi alipokuwa bado kanisani, alikuwa amekisukuma kifuko cha dawa pamoja na kipimo hadi chini kabisa ya sanduku. Hata dozi ya asubuhi hakujichoma. Aliona uvivu kulipakua sanduku upya.

Uwanjani, ndege ilichelewa sana. Bibi akamkatia mkate. "Kristo amefufuka."

"Kweli amefufuka," Ilinca alijibu, akaupokea, kwa kuwa chakula cha baraka hakikataliwi.

"Umejichoma?"

"Nimejichoma kule chooni."

Uongo ni mzazi mwepesi. Ukishazaa wa kwanza, wa pili hauhitaji mkunga.

Angani kiu ilimshika. Akanywa maji, akaenda chooni, akarudi akataka maji tena. Kichwa kilimgonga na tumbo likamchafuka. "Ni ndege tu hiyo," Bibi alimtuliza. "Mara ya kwanza huwa hivyo." Ilinca alijua si ndege, lakini akaomba tu maji mengine.

Walipotua, sanduku halikuja. Waliutazama mkanda wa mizigo ukizunguka mtupu mpaka ukasimama. Hapo Ilinca alitapika, akakaa sakafuni.

"Bibi," alisema kwa shida, "dawa imo sandukuni. Sijajichoma tangu jana."

Bibi hakumgombeza. Alikiachia kikapu, mayai yakabingirika sakafuni, akambeba mjukuu wake mgongoni hadi nje alikosimama Mama. Mama alikuwa amenyoosha mikono akicheka. Aliisikia pumzi ya mwanawe ikinuka kama matunda yaliyochacha, dalili ya mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini, kicheko kikafa.

"Hospitali," alisema. "Upesi."

Ilinca alilazwa na dripu mkononi. Alimsikia daktari akimwambia Mama kwamba wangechelewa zaidi, mtoto asingeamka. Sanduku lilipopatikana, daktari aliitazama insulini yote waliyokuja nayo. "Kwa macho inaonekana nzima," alisema, "lakini hakuna awezaye kuapa kwamba haikuganda. Tupeni." Wakaitupa.

Bibi alilia. "Kosa ni langu. Nilihangaikia mkate kuliko mtoto."

"Hapana, Mama. Ulimuuliza, akakudanganya," Veronika alimjibu, kisha akakaa kitandani. "Ilinca, wale abiria uliowaonea aibu, unamjua hata mmoja kwa jina?"

"Simjui, Mama."

"Insulini yako itembee nawe popote, aone atakayeona. Na ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado lina dawa. Ungekufa kwa kuwaonea aibu watu usiowajua, mwanangu, nao wangeshuka kwenye ndege wakaenda zao. Wa kukuzika tungekuwa sisi."