Mlango wa Seli ya Tatu

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, mchora ramani alipitia duka la uchapaji kuchukua kazi yake.

Alichora mahandaki ya michezo ya mezani: kuta, seli, korido, vyote vikitazamwa kutoka juu. Wachezaji huitandaza ramani mezani, wakasogeza vinyago vya askari na mazimwi, wakapigana. Ufundi wake ulikuwa mwanga. Ukichora mwenge ukutani, pipa lazima litupe kivuli upande wa pili. Watu hakuwachora kamwe. Watu ni vile vinyago.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndiye mwenye duka, na ndiye aliyeendesha mchezo wa Jumamosi. Aliikunjua ramani juu ya kaunta.

"Shemeji, leo umetuzidi. Umemfunga nani humu?"

Kidole chake kilikuwa kwenye seli ya tatu. Kivuli cha mtu kililala sakafuni. Mtu mwenyewe hakuwepo.

"Sichori watu."

"Basi kimejichora. Wewe na giza mmeshakuwa ndugu." Alicheka peke yake. Halafu akaacha.

Bega la kushoto la kivuli lilikuwa limeshuka.

Wote wawili walilijua bega lile. Mwenye nalo, mume wa mchoraji, alitoka nyumbani kununua balbu, miezi minane iliyopita. Walimtafuta hospitali, vituo vya polisi, mochwari. Mke alilia mwezi wa kwanza. Kisha machozi yalikauka, na tangu hapo aliishi kama mtu aliyeulalia mkono wake ukafa ganzi.

"Usimwambie mama," shemeji alinong'ona.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa mbele.

"Hajaja?"

"Hajaja, mama."

Ndivyo walivyosalimiana kila jioni.

Aliwasha kompyuta, akafungua faili. Meza ilikuwa na kivuli chake. Pipa, minyororo. Na yule mtu wa seli ya tatu. Alikifuta kivuli cha mtu.

Kikarudi... kirefu zaidi.

Alijua maana yake. Aliyesimama pale alikuwa ameupa mwenge mgongo. Alikuwa akielekea mlangoni.

Mlango wa seli aliuchora yeye, umefungwa. Kuufungua ilikuwa kazi ya kufuta mstari mmoja.

Alifuta.

Mwanga ukamwagika koridoni. Seli ikabaki tupu. Chumbani kukanuka udongo mbichi.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ulikuwa mlango wa mbele.

"Mama..." Sauti ya mumewe. Ndogo, kama ya mtu mwenye kiu.

"Mwanangu!" Kiti kilikwaruza sakafu. "Mkwe, njoo! Si nilikwambia? Kaja!"

Hakunyanyuka. Alikuwa akiitazama korido ya ramani. Pale mwanga ulipofika, vivuli vilijaa, vimebanana ukuta hadi ukuta. Cha kwanza kilikuwa na bega lililoshuka.

Vya nyuma vilikuwa vimekishika.

"Mama, usifungue."

"Nisimfungulie mwanangu? Una wazimu?"

"Hayuko peke yake."

"Hata aje na kijiji!"

Komeo lilianza kulia. Nje, miguu ilisogea. Haikuwa miwili.

"Mke wangu," ile sauti ikasema. "Acha wazi."

Alirudisha mstari.

Kimya.

Mama mkwe akafungua mlango. Nje hapakuwa na mtu.

"Umemfanya nini mwanangu?" aliuliza bila kugeuka.

Mkwe alitafuta ndani yake hofu, au huzuni, au chochote. Hakukuta kitu.

"Rudi ndani, mama. Kuna baridi."

Jumamosi mchezo haukuchezwa. Shemeji alikuwa ameichapa ramani upya kutoka kwenye faili lile, alilotumiwa tena usiku, akaitazama, akawaambia wenzake waende nyumbani. Seli ya tatu ilikuwa tupu na mlango wake umefungwa. Ukingoni mwa mlango, upande wa ndani, palikuwa na vivuli vya vidole vinne.